Tiba ya umeme ikigoma, inakuwaje?

Karibu kila mgonjwa anayeletwa kwetu anauliza yale yale: itauma? nitasahau vitu? nitapona? Kuuma hapana, kusahau kuna mazungumzo yake marefu, na kupona madaktari wanakujibu kwa asilimia. Swali ambalo silisikii kabisa, si kwa mgonjwa si kwa waliomleta, ni hili: na ikigoma je?

Mi ni nesi, mzaliwa wa Mombasa, niko Minnesota, na kazi yangu ni kwenye chumba ambacho watu wanaamkia baada ya kupewa tiba ya umeme kichwani, hasa kwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, tiba ambayo kwetu watu wanaita kupigwa shoti. (Wakenya tuko wengi sana kwenye mahospitali ya huku, ukiingia chumba cha chai asubuhi unaweza kudhani uko Kisii.) Naandika haya manake nimechoka kusikia pande mbili tu za hii hadithi. Wa kwanza wanasema ni mateso, ni unyama wa zamani. Wa pili wanasema ni muujiza, mtu alikuwa hali wala hasemi, akapigwa mara nne akaomba chai. Hao wa chai nimewaona kwa macho yangu, sibishi. Lakini kuna watu wa tatu, na ni wengi kuliko mnavyodhani, wanaomaliza awamu zote na wako vile vile.

Kwanza niwaelezee inavyokuwa, maana wengi picha mliyonayo ni ya sinema. Mtu analazwa, anachomwa nusu kaputi, analala. Kabla ya dawa ya kulegeza misuli wanamfunga mkanda wa presha kwenye kifundo cha mguu mmoja na kuujaza upepo, ili ile dawa isifike kwenye unyayo. Anawekewa mpira wa kung'ata kati ya meno. Umeme wenyewe ni sekunde chache tu. Mwili mzima umetulia, ila vidole vya ule mguu uliofungwa vinachezacheza, na daktari amevikodolea macho huku mashine pembeni inachora mawimbi ya ubongo, manake kinachotibu si umeme, ni ile degedege ambayo umeme unaianzisha ndani ya ubongo. Nusu dakika, pengine dakika nzima, vidole vinaacha. Baadaye ndo analetwa kwangu, namuuliza jina lake, leo siku gani, uko wapi, namfuta ile jeli kwenye nywele. Wengine wanalalamika kichwa, wengine wanataka kutapika, karibu wote wanataka kwenda chooni. Mara mbili au tatu kwa wiki, kawaida awamu sita hadi kumi na mbili. Ugo Cerletti na Lucio Bini walipoanza mambo haya kule Rome mwaka 1938 hapakuwa na nusu kaputi wala dawa ya misuli, na kwa miaka mingi baadaye watu walikuwa wanavunjika mifupa, kwa hiyo huo woga watu walionao haukutoka hewani.

Sasa hesabu. Mtu akikwambia asilimia 80 au 90 wanapona, muulize ni wagonjwa gani na hospitali gani. Mwaka 2004 kikundi cha kina Joan Prudic kilitoa utafiti wa hospitali saba za jiji la New York, wagonjwa 347, hospitali za kawaida tu, si maabara za utafiti ambako mgonjwa anachaguliwa kama mchele. Waliopona kwa maana ya dalili kuisha walikuwa kati ya asilimia 30 na 47, kutegemea umepimaje. Yaani hata ukipima kwa upole kabisa, zaidi ya nusu hawakufika. Na katika waliofika, asilimia 64 walirudiwa na ugonjwa ndani ya miezi sita. Hizi namba sizileti ili mtu akimbie hii tiba. Kwa sonona kali hasa ile inayokuja na sauti na mawazo ya ajabu, au mtu ameganda kama sanamu hali hanywi, hakuna kitu tulicho nacho kinachoishinda, na wazee wanafaidika kuliko vijana, watu wengi hawajui hilo. Nazileta kwa sababu mgonjwa aliyeambiwa asilimia 90 halafu yeye asipone, anachofikiri ni kwamba yeye ndo tatizo.

Kuna mzee mmoja hapa (nimebadilisha mambo kadhaa asije akatambulika), mkulima, mtu wa maneno machache, mkewe ndo alikuwa anamwendesha kila asubuhi ya tiba kwa sababu huku huruhusiwi kujiendesha ukitoka kwenye nusu kaputi. Kila wiki tunampa fomu yenye maswali tisa, usingizi, hamu ya kula, kujilaumu, nguvu, mawazo ya kifo, kila swali unajipa sifuri hadi tatu, ukijumlisha mwisho ni 27. Alianza na 24. Baada ya awamu ya sita akawa 23. Baada ya ya kumi, 24. Siku ile nilipochukua fomu mkononi mwake aliniangalia akasema, samahani nesi, nimewaangusha. Mtu mwenye umri wa baba yangu ananiomba msamaha kwamba dawa haikumfaa! Alafu saa hiyo hiyo daktari kijana akaingia akamwambia mkewe kwamba hii ndo ilikuwa tiba yenye nguvu kuliko zote, na kweli tumejaribu kila kitu. Najua hakuwa na nia mbaya. Lakini nilimwona yule mama anavyokunja ile fomu mara mbili, mara nne, akaitia kwenye mkoba, na hakuna aliyekuwa amejaribu hata nusu ya hicho "kila kitu".

Hapo ndo ugomvi wangu ulipo. Tumeiweka hii tiba mwisho wa foleni. Mtu anazungushwa dawa moja, mbili, tano, miaka inapita, kazi imeshakwenda, ndoa inayumba, ndo anaambiwa sasa tukupeleke kwenye umeme. Na moja ya mambo ambayo tafiti zinakubaliana ni kwamba kadiri kipindi cha ugonjwa kilivyokuwa kirefu na dawa zilizoshindwa zilivyo nyingi, ndivyo uwezekano wa umeme kufanya kazi unavyopungua. Kwa hiyo tunachelewesha, kule kuchelewesha kunaipunguzia nguvu, ikishindwa tunasema basi mlango wa mwisho umefungwa. Mlango wa mwisho tumeuita sisi wenyewe, mgonjwa hakutuomba tuuite hivo.

Na hata huko kushindwa, hebu tukuangalie vizuri, manake mara nyingi kilichoshindwa si tiba yenyewe, ni namna ilivyofanywa. Kuna kuweka elektrodi, vile vipande vinavyopitisha umeme kichwani, upande wa kulia tu, na kuna kuziweka pande zote mbili. Upande mmoja unaharibu kumbukumbu kidogo kwa hiyo wengi wanaanzia hapo, sawa, lakini unataka dozi kubwa, mara tano sita ya kile kiwango kidogo kabisa kinachoanzisha degedege kwa mtu huyo, na ukiweka dozi ndogo utapata degedege nzuri kabisa kwenye mashine na mgonjwa asipone. Mtu ambaye upande mmoja haukumsaidia anaweza kusaidiwa na pande mbili. Kuna wanaoacha awamu ya sita na wangehitaji kumi. Alafu kuna dawa alizonazo mtu mwilini, za kutuliza wasiwasi, za kifafa, hizi kazi yake ni kuzuia degedege, sasa unaianzisha kwa mkono wa kulia na kuizima kwa mkono wa kushoto.

Na kuna swali ambalo kila mtu analiogopa: je, ni sonona kweli? Tezi ya shingo imepimwa? Pombe? Kichwa kiliwahi kugongwa?

Hilo la kichwa kila nikilifikiria namkumbuka Ernest Hemingway, yule mwandishi wa vitabu wa Marekani, manake alitibiwa hapa hapa Minnesota, mji wa Rochester, kwenye Mayo Clinic. Alilazwa mwisho wa Novemba 1960 kwa jina la daktari wake ili waandishi wa habari wasijue, akapewa tiba ya umeme, Januari akaruhusiwa, masika akarudishwa hali mbaya zaidi, akapewa tena, mwisho wa Juni 1961 akaruhusiwa. Tarehe 2 Julai alijiua nyumbani kwake Ketchum, Idaho. Watu wanamtaja kama ushahidi kwamba umeme unaua au unaharibu akili, na ni kweli alilalamika kwa uchungu kwamba kumbukumbu zake ndo zilikuwa mtaji wake na wamezifuta. Lakini angalia mtu mwenyewe aliyelazwa. Pombe ya miaka na miaka. Presha, na dawa ya presha aliyokuwa anapewa ilikuwa reserpine, ambayo kwa miaka mingi madaktari waliishuku kwamba inaleta huzuni. Na Januari 1954 huku kwetu Uganda alianguka na ndege karibu na maporomoko ya Murchison, akaokoka, kesho yake wakamtoa kwa ndege nyingine pale Butiaba, ikawaka moto, na mlango ulipogoma yeye aliugonga kwa kichwa mpaka ukafunguka. Majeraha mengine ya kichwa alikuwa nayo kabla ya hapo. Mi si daktari, na wa kumpima mtu aliyekufa 1961 simo, ila ukiniambia ni "mgonjwa wa sonona ambaye umeme haukumsaidia" nitakwambia ulikuwa na mambo manne ya kutibu ukatibu moja. Na jingine la kuangalia: kati ya kuruhusiwa na kufa kwake hata wiki mbili hazikupita.

Mwaka jana shangazi yangu alinipigia simu usiku wa huku, kule kumekucha.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. We si ndo unafanya hiyo kazi ya umeme? Basi niambie ukweli, mwanangu ndo basi?"

Binamu yangu alikuwa amelazwa Nairobi, hospitali siitaji. Wamempiga mara sita, hajabadilika, wakamwambia mamake ampeleke nyumbani wakamuombee. "Kuomba tunaomba," shangazi akasema, "hilo halihitaji daktari wa kutwambia."

Nikamuuliza elektrodi ziliwekwa upande gani, hajui, na angejuaje. Nikamwambia basi chukua dawa zote anazokunywa, nisomee maboksi. Akavaa miwani. Lile la kwanza nalijua, la pili nalijua, la tatu akaanza kunisomea herufi moja moja, di, ai, ei, zedi, ii… nikamwambia shangazi simama hapo hapo. Diazepamu, mojawapo ya zile dawa za kutuliza wasiwasi zinazozuia degedege, kila usiku, kabla ya kila awamu, kwa wiki zote zile. Sikusema ndo sababu, manake siwezi kujua nikiwa huku. Na nilimwambia mara tatu, usimwachishe ghafla, mtu aliyezoea hiyo dawa akiikata kwa siku moja anaweza kupata kifafa cha kweli. Nikamwandikia maswali kwenye WhatsApp aende nayo kwa daktari mwingine: ziliwekwa upande gani na dozi gani, kwa nini iliachwa mara ya sita, hii diazepamu inaweza kupunguzwa pole pole, tezi imepimwa, na baada ya hapa mpango ni upi. Hilo la mwisho ndo nilimwambia asitoke kwenye chumba bila kujibiwa.

Sasa mpango unaweza kuwa nini? Usitegemee muujiza lakini usikubali kuambiwa hakuna. Ule utafiti mkubwa wa Marekani wa dawa za sonona, STAR*D, uliripoti mwaka 2006 kwamba hatua ya kwanza, yaani dawa ya kwanza, karibu theluthi moja walipona, na kufika hatua ya nne waliopona walikuwa asilimia 13. Kila hatua uwezekano unashuka, lakini haufiki sifuri, na asilimia 13 ya watu waliokata tamaa ni watu wengi. Kuna lithiamu ya kuongezea juu ya dawa ya sonona. Kuna dawa za kizazi cha kale ambazo madaktari vijana wanaziogopa kwa sababu ya masharti ya chakula. Kuna sumaku ya kichwani, ingawa mi nionavyo kwa mtu ambaye umeme haukumgusa sumaku ni matumaini madogo.

Na kuna ketamini, ile ile ya nusu kaputi ambayo hata hospitali ya wilaya inayo. Mwaka 2023 kulitoka utafiti wa Marekani ulioilinganisha na umeme kwa watu ambao dawa ziliwashinda na hawana sauti wala mawazo ya ajabu, wa ketamini asilimia 55 walipata nafuu, wa umeme 41, na vyombo vya habari vikaruka hewani. Kabla yake Wasweden walikuwa wamelinganisha kwa wagonjwa waliolazwa wodini, na kwao umeme ndo uliongoza, asilimia 63 kwa 46. Wagonjwa tofauti, majibu tofauti. Kwa aliyegomewa na umeme la maana ni kwamba njia hizi mbili hazipiti barabara moja, na wapo waliogomewa na hii wakasaidiwa na ile. Tatizo lake ni kwamba nafuu inakuja haraka na kuondoka haraka, siku kadhaa tu, unarudia rudia.

Ukienda mbali zaidi unafika kwenye upasuaji. Mwaka 2005 Helen Mayberg na wenzake Toronto waliwawekea nyaya ndani ya ubongo watu sita ambao vyote vilikuwa vimewashinda, na wanne kati yao wakapata nafuu iliyodumu miezi sita. Dunia ikashangilia. Baadaye majaribio makubwa ya watu 90 yakaonyesha kwamba kwa miezi sita waliowashiwa mashine hawakuwashinda wasiowashiwa, yakasimamishwa. Lakini, na hii ndo sehemu ninayoipenda, walipoendelea kuwafuatilia wale wale na mashine zimewashwa, kufika mwaka wa pili karibu nusu walikuwa na nafuu kubwa. Huenda tulikuwa na haraka. Haya ni mambo ya Toronto na Atlanta, najua, hayatafika Kilifi kesho. Nayataja kwa sababu moja tu, watu wale walikuwa wamepita kila kitu, umeme ukiwemo, na miaka baadaye kuna waliopata nafuu.

Jambo jingine ambalo familia zinachanganya: kutopona na kurudiwa si kitu kimoja. Mwaka 2001 Harold Sackeim na wenzake waliwachukua waliopona kwa umeme wakawagawa. Waliopewa kidonge bandia, asilimia 84 walirudiwa ndani ya miezi sita. Waliopewa nortriptyline, ambayo ni dawa ya sonona, pamoja na lithiamu, 39. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mtu kuambiwa nenda nyumbani umepona. Kwa hiyo mtu akija kuniambia "umeme haukumsaidia dada yangu, alikaa vizuri miezi miwili akarudi kule kule," namwambia ulimsaidia, walioshindwa ni wale waliomwachia mlangoni mikono mitupu. Huyo umeme unaweza kurudiwa, na kuna wanaokuja kwetu mara moja kwa mwezi kwa miaka, wanapiga stori na manesi, wanajua nani amejifungua.

Kuhusu siku za kurudi nyumbani nitasema waziwazi. Wiki za kwanza baada ya kutoka wodini ndo za hatari kuliko zote kwa mtu mwenye mawazo ya kujiua, na kwa aliyetoka bila kupona huku akiamini njia zimekwisha ni zaidi. Mtu asikae peke yake, dawa zishikwe na mtu mwingine, tarehe ya kliniki iwe imeandikwa kabla hajavuka geti, iwe wiki hiyo hiyo, si mwezi ujao. Na muulizeni. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpi wazo. Kwetu Kenya watu walikuwa wanaficha hata kwa daktari kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, mpaka Mahakama Kuu ilipotangaza Januari 2025 kwamba kifungu hicho, 226, kinapingana na katiba. Tanzania kosa hilo bado liko kwenye sheria, na sioni nesi yeyote anayefaidika na mgonjwa anayemdanganya kwa kuogopa polisi.

Binamu yangu alipata daktari mwingine. Diazepamu ilishushwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, tezi ikaonekana iko sawa, wakamrudishia umeme pande mbili. Hajapona. Nasema hivo kwa sababu najua mnasubiri niseme amepona. Amefika nusu, anaoga bila kuambiwa, anagombana na mamake kuhusu rimoti, kazini hajarudi, na kuna miezi mizima ya mwaka ule ambayo haikumbuki, harusi ya mdogo wake ikiwemo, anaangalia video kama mgeni. Daktari ameanza kumpa lithiamu. Shangazi ameshajua kwamba hiyo dawa inataka maji mengi kwa lile joto la Mombasa, chumvi isipunguzwe ovyo, na dawa za maumivu kama ibuprofen zikae mbali naye. Juzi akanitumia voisi noti ndefu anauliza kuhusu kufunga Ramadhani, mtoto anataka kufunga, yeye anaona si sawa. Nimemwambia hilo asiniulize mi, akamuulize daktari kabla mwezi haujaandama, na aende na karatasi ya majibu ya damu ya mwezi huu, si ya mwezi uliopita.